Kitabu cha Katekista wa Ukerewe

Mara nyingi katika seminari zetu tunasikia swali hili: riwaya ina faida gani kwa mtu anayejitayarisha kuwa padri au katekista? Riwaya, ambayo wengi kwetu wanaiita romani, ni hadithi ndefu ya kutungwa. Watu wake hawakuishi duniani, na maneno yao hayakutoka kinywani mwa mtu. Kwa hiyo wengine wanaihesabu kuwa uongo mtamu tu, wa kusomwa wakati wa likizo. Hatutaki kubishana nao. Tunataka kueleza habari za kitabu kimoja, ginsi kilivyoandikwa na ginsi kilivyokawia, kisha kila mmoja atapima mwenyewe.

Kisiwa cha Ukerewe kiko upande wa kusini wa Ziwa Victoria, katika inchi ambayo leo ni Tanzania. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza, mwaka wa 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa. Wapadri Weupe walikuwa wamekwisha kufika, na mtoto alisoma kwao katika misioni ya Kagunguli. Mwaka wa 1909 walimpeleka ng’ambo ya ziwa, katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Ni seminari ile ile iliyomfundisha nyuma yake Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu, mwaka wa 1960. Kitereza alikaa huko miaka kumi. Alijifunza Kilatini na Kijerumani, maana Wajerumani ndio waliotawala wakati ule, na vita ya 1914 ilimkuta angali kwenye benchi la darasa. Hakupata upadri. Alirudi kisiwani, akamwoa Anna Katura, akafanya kazi ya misioni, na kwa wakati mwingine kazi ya biashara ili apate kuishi.

Hapa tukumbuke kwamba miaka ile ile, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, Wapadri Weupe walikuwa wakimfundisha Stefano Kaoze, ambaye alipewa upadri mwaka wa 1917, wa kwanza katika inchi yetu ya Congo. Yeye pia alishika kalamu mapema sana kueleza mawazo ya watu wake: makala zake juu ya roho na akili ya Wabantu zilianza kutoka mwaka wa 1910, angali mseminari. Lakini Kaoze aliandika kwa Kifaransa, na waliomsoma walikuwa hasa Wazungu. Kitereza alishika njia nyingine.

Aliona wazee wanakufa, na pamoja nao maneno yanakufa. Vijana waliokwenda shuleni walisema Kikerewe kilichochanganyika, na hawakujua tena ginsi ya kumsalimu mkwe, ginsi ya kupima shamba, ginsi ya kumlilia maiti. Kitereza alikuwa amekusanya hadithi za zamani na habari za watawala wa kisiwa; alikuwa mwana-historia bila cheo. Tena, Gerald Hartwig, mtu wa Marekani aliyeandika nyuma ya hapo historia ya Wakerewe na biashara yao ya karne ya 19, alipata mengi kwake. Sasa kwa nini mtu kama huyo hakutosheka na historia? Kwa nini akatunga hadithi?

Sisi tunafikiri jibu liko katika kitabu chenyewe. Orodha ya watawala inatuambia nani alimfuata nani. Haituambii mume alimwambia mkewe nini usiku ule waliposikia kwamba ukoo wanataka kuwaachanisha. Neno kama hilo halina tarehe, wala shahidi wa kuliapia. Lakini ndilo lililojaza maisha ya watu zaidi kuliko vita vya wakubwa. Anayetaka kulihifadhi hana chombo kingine isipokuwa kutunga.

Na hadithi aliyotunga ni hii. Zamani, mbele ya Wazungu kufika, Myombekere anaishi na mkewe Bugonoka, na hawana mtoto. Ndugu za mume wanasema maneno mabaya. Wazazi wa mwanamke wanakasirika, wanamchukua binti yao kurudi naye kwao. Myombekere hamwachi. Anakwenda kwa wakwe, anajinyenyekeza, anakubali kulipa pombe ya ndizi wanayomdai. Basi, kurasa na kurasa tunamwona akitafuta ndizi, akiita majirani, akiivisha, akikamua, akihesabu siku, na msomaji anaanza kuogopa pamoja naye kwamba pombe itaharibika. Nyuma ya taabu hizo mke anarudi, mganga anamtunza, anazaa mtoto mwanamume, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Sehemu ya pili inawafuata watoto hao mpaka wao wenyewe wanakuwa watu wazima.

Yafaa kujua kwamba Kitereza na Anna Katura wenyewe hawakujaliwa kuacha watoto. Katika ukoo wa watawala, na katika kisiwa ambapo mtu bila mtoto alihesabiwa kama mti bila tunda, walikaa pamoja katika ndoa moja. Hatusemi kwamba Myombekere ni Kitereza. Lakini mtu asiyejua uzito wa neno hili nyumbani mwake hawezi kuliandika vile. Mapadri na makatekista wanaosikiliza mashauri ya ndoa katika parokia zetu wanajua kwamba jambo la mume anayesukumwa na ndugu zake amwache mke asiyezaa halijakwisha. Sheria ya Eklezya juu ya jambo hili tunaijua vema. Machozi ya Bugonoka ni kitu kingine cha kujua.

Tuseme pia yasiyopendeza kila mtu. Kitabu ni kirefu sana. Mara nyingi hadithi inasimama, mwandishi anaanza kufundisha: namna ya kuvua samaki, dawa gani kwa ugonjwa gani, nani anakula wa kwanza. Aliyezoea riwaya za haraka atachoka, na wengine wamesema kwamba hii ni habari ya desturi iliyovikwa nguo ya hadithi. Sisi tunaona neno hilo halimtendei haki. Mzee wa kijiji anaposimulia, naye anasimama njiani, anaonyesha kwa mikono ginsi mtego unavyotegwa, kisha anarudi kwenye mwindaji wake. Kitereza alikuwa akiwasimulia wajukuu wa kisiwa kizima.

Jambo lingine linastahili kuangaliwa na wasomaji wa gazeti hili. Mtu huyu alikuwa mkristu imara, mtu wa misioni. Hata hivi, anaeleza waganga, mizimu na kupiga ramli bila kucheka na bila kuhubiri. Anawaacha watu wa zamani wawe watu wa zamani. Wako watakaouliza kama ni sawasawa. Tunajibu kwamba anayetaka kujua Injili iliingia katika nyumba gani, afadhali aione nyumba ile ilivyokuwa, na vyumba vyake vyote.

Alimaliza kuandika mwaka wa 1945. Sasa ndipo taabu ilipoanza, maana kuandika ni kazi ya mtu mmoja, lakini kuchapa kunataka mali na mashini. Kikerewe ni luga ya watu wachache. Waingereza walikuwa wameshika Kiswahili kwa shule za Tanganyika. Nani atatoa feza kwa kitabu kinene ambacho kisiwa kimoja tu kinaweza kukisoma? Padri mmoja wa Canada, Almas Simard, ambaye alimtia moyo tangu mwanzo, alichukua mwandiko ili augeuze katika Kifaransa. Padri huyo akafariki mbele ya kitabu kutoka. Miaka ikapita. Mwandishi akazeeka, ugonjwa wa viungo ukamshika vibaya.

Si yeye peke yake aliyengojeshwa hivyo. Kule kusini, katika inchi ya Lesotho, Thomas Mofolo, mtu wa misioni ya Waprotestanti ya Morija, aliandika riwaya juu ya Chaka kwa Kisotho karibu na mwaka wa 1910. Ilichapwa mwaka wa 1925. Misioni ziliwapa waandishi wa kwanza alfabeti na karatasi, na mara nyingi mlango wa kutokea ulikuwa wa misioni pia. Ukifungwa, hakuna mwingine.

Na kwetu? Paul Lomami Tshibamba, aliyesoma naye katika seminari ndogo, ile ya Mbata-Kiela, alitoa hadithi yake « Ngando » mwaka wa 1948. Ilipata zawadi huko Ubelgiji, ikachapwa mara moja. Ni kitabu kizuri, chenye mamba na mizimu ya mto na uchungu wa baba anayemtafuta mtoto wake. Lakini tuangalie: kati ya vitabu hivi viwili kuna miaka mitatu tu. Kile cha Kifaransa kilipata wasomaji mbali kabla ya kupata wasomaji katika vijiji vinavyosimuliwa ndani yake. Kile cha Kikerewe kilikuwa na wasomaji wake tayari, pale pale kisiwani, lakini hakikuwa na mchapaji. Hatuwezi kusema ni yupi aliyechagua vema. Tunasema kwamba kuchagua luga ni kuchagua watu, na kila mmoja alilipa.

Mwisho wa miaka ya 1960 Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe, wakauona mwandiko, wakamshauri mzee augeuze mwenyewe katika Kiswahili. Tufikiri kazi hiyo: mtu amepita miaka 70, vidole vinauma, naye anaanza upya kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, katika luga ambayo si ya mama yake, wakati alikiandika kwa kuiokoa luga ya mama yake. Aliifanya mpaka mwisho. Kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House chenye mwaka wa 1980, nacho kilichapwa katika inchi ya Uchina. Kitereza alikufa mwaka wa 1981, mbele ya kukishika mkononi.

Wengi wa mapadri wetu wa zamani na makatekista wao waliandika: hadithi, mezali, habari za koo, kamusi za luga zinazosemwa na mabonde mawili au matatu. Hatujui ni mangapi ya madaftari hayo yangali katika makabati ya misioni, na mangapi yameliwa na mchwa. Mwenye ufunguo wa kabati afungue, asome majina yaliyoandikwa juu ya madaftari, na ayanakili mbele ya mvua nyingine.

Kwa kitabu cha Kitereza, wageni waliendelea. Kiligeuzwa katika Kijerumani na Kifaransa katika miaka ya 1990. Mwaka wa 2002 kilitoka katika Kiingereza kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, naye mtunzi wa riwaya na mzaliwa wa Ukerewe. Yeye hakufuata maandishi ya Kiswahili. Alirudi kwenye mwandiko wa 1945, wa Kikerewe, akaanzia hapo.