Kamera ndogo kwenye mto mkubwa: namna Kisangani ilipata filamu yake

Mwaka 1955 mfalme Baudouin wa Ubelgiji alitembelea Kongo, na Mbelgiji André Cauvin akatoa filamu ya safari hiyo, Bwana Kitoko. Rangi zake zilipendeza, vyombo vilikuwa vya bei kali. Lakini filamu ilitengenezwa ili kumtukuza mfalme na koloni lake, si kusikiliza wenye inchi. Kwa miaka mingi sinema ya Kongo ilikuwa hivyo: mwenye kamera alikuwa mgeni, au alikuwa serikali.

Mambo yalianza kugeuka kamera zilipopungua uzito na bei. Mwaka 2008 Kiripi Katembo, mzaliwa wa Goma, alitoa filamu fupi iliyopigwa kwa simu. Simu iliwekwa ndani ya kigari cha katoni, kile cha watoto, kikavutwa mitaani Kinshasa. Kwa kawaida kamera kubwa barabarani inavuta askari na maswali ya kibali. Kigari cha mtoto hakiulizwi kitu.

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, ni wa kizazi hicho. Alisomea mambo ya tiba kabla ya kuingia kwenye sinema, na mara nyingi anashika kamera yeye mwenyewe. Filamu yake Maman Colonelle ya mwaka 2017 inamfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi ya kulinda wanawake na watoto, aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Ni katika filamu hiyo ndipo wahanga wa Vita vya Siku Sita wanajitokeza.

Vita hivyo wazee wa Kisangani hawavisahau. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana katikati ya mji ambao si wa Uganda wala wa Rwanda. Mamia ya raia walikufa, na zaidi ya elfu moja walijeruhiwa. Mwaka 2018 kundi la wahanga, wengine wakitembea kwa magongo au miguu ya bandia, lilipanda mashua kwenda Kinshasa kudai fidia, safari ya karibu kilomita 1,700. Hamadi alikuwa nao. Filamu yake En route pour le milliard ilitoka mwaka 2020 na ikachaguliwa na tamasha la Cannes, ingawa mwaka ule Covid-19 ilizuia tamasha kufanyika kama kawaida.

Mtu aliyewahi kusafiri mtoni anajua hali ya mashua: watu wamebanana, injini inanguruma, mvua ikija kila mmoja anavuta turubai. Taa kubwa na mafundi kumi hawana pa kukaa pale. Ndiyo maana mtengenezaji mmoja na kamera ndogo alipata kitu ambacho kampuni kubwa ingekikosa: watu waliomzoea mpaka wakagombana na kulia mbele yake bila kuigiza.

Lakini wanaosema kwamba vyombo rahisi vinatosha wanadanganya kidogo. Filamu hiyo ilipata pia watayarishaji wa Ufaransa na Ubelgiji, na kukata picha na kusawazisha sauti ni kazi ya subira na pesa. Sauti hasa. Picha yenye giza mtazamaji anaivumilia. Ushuhuda usiosikika umepotea. Familia zilizokimbia vita Kivu na Ituri, ambazo zina simu tu, zinaweza kupata mengi kwa kumsogelea msemaji, kukaa mbali na upepo na jenereta, na kutaja mahali na tarehe mwanzoni kabisa. Na jina la shahidi litajwe pale tu ambapo halimletei hatari.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliagiza Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, ambazo milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu. Hukumu haikutoka kwenye filamu: kesi ilifunguliwa mwaka 1999. Kuhusu Rwanda, mahakama hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kusikiliza kesi. Uganda ilianza kulipa Septemba 2022, milioni 65 kwa mwaka, kwa miaka mitano.