Programu Mpya, Swali la Zamani

Watu wakisimulia historia ya ramani za kompyuta, huanzia Kanada au Marekani, na si uongo. Lakini hadithi hiyo ina mguu mmoja hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Spartan Air Services ya Ottawa ilihitaji kutafuta mahali panapofaa kupandwa miti nchini Kenya. Mmoja wa wafanyakazi wake, Roger Tomlinson, Mwingereza aliyehamia Kanada, akapiga hesabu ya kulinganisha ramani zote kwa mkono. Gharama ikatoka kubwa mno, na mpango ukakataliwa. Tomlinson akaanza kujiuliza kama kompyuta ingeweza kuifanya kazi hiyo ya kulaza ramani moja juu ya nyingine. Baadaye akakutana ndani ya ndege na Lee Pratt, ofisa wa serikali ya Kanada aliyekuwa na tatizo kama lilelile, ila lake lilikuwa la nchi nzima. Kutokana na mazungumzo yale Kanada ikajenga mfumo wake wa taarifa za ardhi, na Tomlinson hadi leo anaitwa baba wa GIS.

Tangu hapo programu zimebadilika mara nyingi, na kila zikibadilika kuna mtu ofisini anayelalamika. Ukimsikiliza, utadhani shida ni vitufe: hiki kilikuwa hapa, sasa kimepelekwa wapi? Lakini vitufe vinazoeleka kwa wiki mbili, tatu hivi. Kuna kitu kingine kinachopotea njiani wakati wa kuhama, na hicho hakirudi kwa kuhudhuria semina. Nacho ni yale ambayo mtu wa zamani aliyajua kuhusu ramani yake, na faili yenyewe haikuyajua.

Twende polepole. Jack na Laura Dangermond walianzisha Esri mjini Redlands, California, mwaka 1969. Mwaka 1982 kampuni hiyo ikatoa ARC/INFO. Hiyo ilikuwa programu ya kuandika amri, neno kwa neno, kwenye mashine ambazo mtu wa kawaida hakuwa nazo nyumbani. Miaka ya 1990 ikaja ArcView, ambayo unaiendesha kwa kipanya kwenye kompyuta ya mezani. Haikuwa na nguvu zote za ARC/INFO, lakini ilikuwa nyepesi, na ndiyo iliyoingia kwenye ofisi nyingi zisizo na mtaalamu wa kompyuta. Toleo la 3 ndilo lililopendwa kuliko yote. La mwisho, 3.3, lilitoka mwaka 2002, na wapo watu walioendelea kulitumia miaka mingi baadaye, yaani hadi kompyuta zenyewe zikakataa kuliwasha.

Kwa nini waligoma kuhama? Si ukaidi tu. Esri ilipoleta ArcGIS 8 na programu yake ya ArcMap, kati ya 1999 na 2001, haikuboresha ArcView ya zamani. Ilijenga nyumba nyingine kabisa. ArcView ilikuwa na lugha yake ndogo ya kuandikia maelekezo, Avenue, na watu walikuwa wameandika kwa Avenue vijiprogramu vya kupima eneo, kuchora mipaka na kuhesabu misitu. Kwenye ArcMap, Avenue haikufanya kazi hata kidogo. Badala yake kukawa na VBA ya Microsoft. Waliojifunza VBA nao wakaambiwa baada ya miaka michache kuwa mambo sasa ni Python. ArcGIS Pro ilipotoka Januari 2015, ikaja na Python 3, wakati ArcMap ilikuwa imezoea Python 2. Hesabu mwenyewe: mtu mmoja, kazi moja, lugha nne ukihesabu Python mara mbili.

Na kuhama huku hakukuwa kwenda mbele moja kwa moja. ArcView ilikuruhusu kuwa na kurasa nyingi za kuchapisha ndani ya mradi mmoja. ArcMap ikakupa ukurasa mmoja tu kwa kila faili, basi watu wakawa na folda zimejaa ramani ile ile iliyoandikwa «mwisho», «mwisho2» na «mwisho kabisa». ArcGIS Pro ikarudisha kurasa nyingi, nayo ikatangazwa kama jambo jipya. Mzee wa ArcView akiona hayo anacheka tu.

Kilichovumilia mabadiliko yote haya ni faili ya data, ile inayoitwa shepufaili. Esri ilichapisha maelezo yake ya kiufundi mwaka 1998, kwa hiyo programu yoyote ya kampuni yoyote ikaweza kuisoma. Shepufaili moja kwa kweli ni faili tatu au zaidi zinazotembea pamoja: .shp ya maumbo, .shx ya orodha, na .dbf ya jedwali. Ukimtumia mwenzako .shp peke yake, umemtumia nyumba bila paa.

Ila shepufaili ina ubahili wa enzi zake. Jina la safu katika jedwali halizidi herufi 10. Andika «idadi_ya_watu_2009», uihifadhi, na utakuta «idadi_ya_w». Ongeza ya sensa ya 2019 na unaweza kupata «idadi_ya_1». Aliyetengeneza anajua ipi ni ipi. Akihamishwa kituo, ujuzi huo unaondoka naye, na anayebaki anakuwa na namba mbili zisizo na mwaka.

Faili ya nne, .prj, ndiyo yenye uzito zaidi hapa Kenya, na ndiyo ambayo shepufaili nyingi za zamani hazina. Kazi yake ni kuiambia programu kwamba namba hizi za mahali zimehesabiwa kwa mfumo gani. Maana namba peke yake haisemi kitu. Wapima ardhi hugawa dunia katika kanda za digrii sita sita zinazoitwa UTM, na Kenya imekaa vibaya kwa mpango huo: longitudo ya 36 inatukata upande mmoja, ikweta inatukata upande mwingine. Tuna vipande vinne, kanda ya 36 na ya 37, kaskazini na kusini. Kaunti ya Nakuru peke yake imegawanyika: Molo iko kanda ya 36, Naivasha iko kanda ya 37.

Sasa chukua shepufaili ya Molo na ya Naivasha, kila moja ikiwa na namba za kanda yake, uziweke pamoja kwenye ArcView 3. Programu haikuuliza kitu. Ilizichora namba kama zilivyo, na Naivasha ikaangukia magharibi mwa Molo, karibu kilomita 600 kutoka hapo. Mtu aliyeijua kazi alitazama, akacheka, akaibadilisha moja kabla ya kuendelea. ArcMap ilileta uwezo wa kugeuza papo hapo, kila tabaka likajipanga mahali pake. QGIS 3 nayo inafanya hivyo bila kuombwa. Lakini zote zinaweza tu ikiwa .prj ipo na inasema kweli. Isipokuwepo, programu mpya inasimama na kuuliza: hii ni ya mfumo gani?

Kosa la kanda ni kubwa kiasi kwamba hata mtoto analiona. La hatari ni lile dogo. Ramani zetu za karatasi za 1:50,000, ambazo nyingi zilichorwa enzi za ukoloni na baada yake kidogo, zinatumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Jina hilo linatokana na upimaji mrefu wa longitudo ya 30, wazo la mnajimu David Gill wa Cape, wa kupima Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Simu yako na kifaa cha GPS vinatumia msingi mwingine, WGS84. Mahali pale pale, chini ya mti ule ule, misingi hii miwili inapishana kwa takriban mita 300 upande wa kaskazini na kusini, na kama mita 90 upande wa mashariki na magharibi.

Mita 300 ni ngapi? Panga ploti za futi 50 kwa 100 kwa urefu wake, moja nyuma ya nyingine. Ni karibu ploti kumi. Ukichukua namba kutoka ramani ya zamani ukazitia kwenye programu mpya kama WGS84, hutaona ajabu yoyote. Barabara itaonekana kama barabara, mto kama mto. Ila shule imeingia kwa jirani, na kisima kimevuka mto. Katika nchi ambayo watu wanafikishana mahakamani kwa hatua tatu za mpaka, hilo si jambo dogo.

Kwenye orodha za mifumo, Arc 1960 ya kanda ya 37 kusini ina nambari 21037. WGS84 ya kanda hiyo hiyo ni 32737. Zote mbili ni za tarakimu tano na zinaishia na 37, na kijana aliyechoka saa kumi jioni anaweza kubonyeza yoyote kati ya hizo. Hata akichagua sawa, kuna njia zaidi ya moja ya kutoka Arc 1960 kwenda WGS84: moja ni ya wastani wa Kenya na Tanzania, nyingine ya Kenya peke yake, na zinatofautiana kwa mita chache. Programu mpya hukuchagulia moja au kukupa orodha uchague, lakini haiwezi kujua ni ipi iliyotumika ofisini kwenu mwaka 1998. Anayejua ni mzee aliyekaa dirishani.

Mipaka ya utawala nayo ina shida kama hiyo. Faili nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zina wilaya, na wilaya zilikuwa zikizaliwa kila mara kabla ya uchaguzi na baada yake. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, zinazofuata wilaya za sheria ya 1992. Ukipata shepufaili imeandikwa «wilaya» tu, bila tarehe, ni wilaya za mwaka gani? Mtu akijumlisha takwimu juu yake kwa makosa, kijiji kizima kinahesabiwa upande ambao si wake, halafu tunashangaa zahanati imejengwa kwingine.

Sasa pesa. Leseni za programu hizi za Esri ni ghali, na kwa miaka mingi aliye nje ya wizara, shirika au chuo alikuwa nje ya ramani pia. Mwaka 2002, huko Alaska, Gary Sherman alianza kuandika programu ya kutazama data za ramani kwenye Linux. Ndiyo ikawa Quantum GIS. Toleo la 1.0 likatoka 2009, na kuanzia 2.0 mwaka 2013 jina likafupishwa rasmi kuwa QGIS. Ni ya bure. Mwaka huo huo wa 2009, vijana wa Kibera, katika mradi wa Map Kibera ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, walitembea na GPS mkononi wakachora mtaa wao kwenye OpenStreetMap. Kabla ya hapo, kwenye ramani za mtandaoni Kibera ilikuwa kama shamba tupu. Mimi nami niliingia kwa mlango huo wa bure: niliacha chuo kabla ya kumaliza, na QGIS haikuniuliza cheti.

Lakini tusidanganyane, bure pia inahama. QGIS 3 ilipotoka Februari 2018, ikapanda Python 3 na Qt 5, na viongezi vya QGIS 2 vikalazimika kuandikwa upya au vikafa. Na anayetoka ArcMap kuja QGIS anakuta mlango wa chuma: faili ya .mxd, iliyobeba rangi, majina na mpangilio wa ramani yake, QGIS haiifungui yenyewe. Data inapita, ramani inabaki nje. Anayehamia ArcGIS Pro ana unafuu, kwa sababu Pro inaingiza .mxd, lakini hifadhidata za zamani za .mdb, zilizotengenezwa juu ya Microsoft Access, Pro haizisomi. Kila njia ina ushuru wake.

Na safari hii kuna tarehe. Esri ilitangaza kuwa ArcMap itastaafishwa tarehe 1 Machi 2026. Toleo lake la mwisho, 10.8.2, lilitoka Desemba 2021. Ofisi nyingi zitafanya kile ofisi hufanya: zitanunua mafunzo ya siku tano, chai na maandazi, vitufe vipya vitaelezwa, picha ya pamoja itapigwa.

Ningepewa siku moja kati ya hizo tano, ningeifanyia kazi nyingine. Programu ya zamani iwashwe mara ya mwisho ingali inawaka. Kila faili ifunguliwe, na kwa kila moja yaandikwe mambo manne: imetoka wapi, ya mwaka gani, iko kwenye mfumo gani, na kila safu ya jedwali ina maana gani. Kisha ihifadhiwe kwa GeoPackage, ambayo ni faili moja tu na haikati majina kwa herufi 10. Za .mdb zitolewe humo mapema, kabla kompyuta ya mwisho yenye ArcMap haijapelekwa stoo.

Na wale wanaostaafu pamoja na programu, waliojua bila kuandika kwamba ile folda ya «survey_old» ni Arc 1960 isipokuwa faili mbili za Molo, waketishwe na kijana mmoja mwenye daftari. Si siku ya kuagwa, keki ikishakatwa na hotuba zimeanza. Wiki moja kabla, mezani kwao, faili moja baada ya nyingine.