Tarehe ya Mlinzi wa Tanuri

Kabla ya kuwapo waya na tarakimu, ufundi wa kubanika nyama kwa moshi katika majimbo ya kusini ya Marekani ulikuwa mikononi mwa watu ambao aghalabu majina yao hayakuandikwa: Waafrika waliotiwa utumwani, waliochimba mahandaki, wakachoma magogo mpaka yakawa makaa, wakakesha wakiyachochea, na wakaujua moto kwa muda ambao kiganja cha mkono kiliweza kuustahimili. Katika karne ya 19 wenye mabucha wa asili ya Kijerumani na Kicheki, waliohamia Texas ya kati, walibanika nyama yao katika miji kama Lockhart na Elgin. Lakini kipimo kilibaki kile kile, mkono na jicho, na usingizi ulikuwa haramu.

Hata hivyo, elimu ya kuuwekea moto mlinzi asiyelala ni kongwe kuliko mabucha hayo. Mwanzoni mwa karne ya 17 Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyefanya kazi Uingereza, alibuni tanuri lenye chombo cha kioo kilichotiwa spiriti na zebaki: joto lilipozidi spiriti ilitanuka na kuisukuma zebaki, nayo zebaki ikainua kijiti kilichofunga tundu la hewa, hata moto ukanyimwa pumzi, ukapungua, na tundu likafunguka tena. Alilitumia kuangulia mayai. Kwa rai yangu, kila afungaye leo feni ndogo kwenye tanuri lake la moshi ni mwanafunzi wa Drebbel, ajue asijue, kwa kuwa wote wawili wameutawala moto kwa kuitawala hewa.

Kilichokosekana ni njia ya kuisafirisha habari ya joto kutoka tanurini hadi kitandani kwa mpishi, na njia hiyo ilikuwa umeme. Mwaka 1833 Michael Faraday aliona kwamba salfaidi ya fedha, kinyume cha metali, hupitisha umeme kwa wepesi zaidi kadiri inavyopashwa moto. Karibu miaka mia ikapita kabla ya Samuel Ruben kuifanya tabia ya namna hiyo kuwa kifaa cha manufaa, yaani themista, mwaka 1930. Kisha mwaka 1968 watafiti Steinhart na Hart walitoa kanuni ya kugeuza ukinzani wa themista kuwa nyuzi za joto, nao waliichapisha katika jarida la utafiti wa bahari kuu. Basi hesabu iliyochapishwa kwa ajili ya wapimao maji baridi ya vilindini ndiyo itumikayo leo kuchunga mafuta yanayochuruzika juu ya kuni za mwaloni.

Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, ilizaliwa Arduino, kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyokusudiwa wanafunzi, na tangu hapo fundi wa nyumbani hakuhitaji kiwanda ili kumuunda mlinzi wa tanuri lake. Themista huungwa mfululizo na kikinza kimoja, umeme hugawanyika baina yao, nayo kompyuta huusoma mgao huo kama namba kati ya 0 na 1023, ikaipitisha katika kanuni ya Steinhart na Hart, ikapata nyuzi za joto, na kwa nyuzi hizo ikaiongoza ile feni ndogo.

Fundi mwenye busara huweka vipimo viwili, kimoja katika hewa ya tanuri, inayotakiwa kuwa karibu nyuzi 110 za Selsiasi, na cha pili ndani ya nyama. Kidari cha ng'ombe kikifika nyuzi kama 70 husimama kwa saa kadhaa bila ya kupanda, na mpishi mgeni hudhani kifaa kimeharibika, akaongeza kuni na kuiunguza nyama. Ilhali ni unyevu unaofuka kutoka juu ya nyama unaoipoza, kama jasho lipozavyo mwili. Unyevu ukipungua joto hupanda tena, likakaribia 95, na hapo wapishi hodari huzipuuza namba za kifaa, wakakichoma kidari kwa kijiti chembamba, maana vidari viwili vyenye nyuzi sawa huweza kimoja kuwa laini na cha pili bado kigumu.