ARDHI HII NI YA NANI? Historia Fupi ya Bustani za Familia

Bismillahir Rahmanir Rahiim



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Hivi karibuni tulipokea ujumbe na picha kutoka kwa ndugu yetu mmoja tuliyesoma naye chuoni hapa Buyenzi, Bujumbura, tulipokuwa wadogo. Vita vya mwaka 1993 viliwatoa yeye na wazazi wake, wakapitia kambini Tanzania, kisha miaka mingi baadaye akafika Uingereza, ambako anaishi na mke wake na watoto. Picha ilionyesha kipande cha ardhi ambacho manispaa ya mji wao imewapangishia. Miiba ilikuwa imempita yeye kimo, na katikati ya majani marefu lilionekana paa la kibanda kilichoanguka. Aliyekitumia zamani alikiacha, na hakuna aliyekigusa kwa misimu kadhaa.

Aliandika kwamba walipofika Jumamosi ya kwanza na majembe, kijana wake wa miaka kumi na miwili alisimama akauliza: "Baba, ardhi hii ni ya nani? Tukishaisafisha, si watatunyang'anya?"

Ndugu yetu alinyamaza. Babu yake aliacha shamba Rumonge mwaka 1972 alipovuka ziwa kuokoa roho yake, na aliporudi alikuta wengine wanalilima. Mtoto aliuliza kitu ambacho baba mwenyewe alikuwa akikiogopa moyoni. Akatuomba sisi tuliobaki na vitabu tumsaidie kujibu.

Tulimpa jibu fupi kwa simu. Jibu refu ndilo hili, na tumeona ni vyema familia zetu zote zilipate.

1. ARDHI YA WOTE ILIPOKUWA YA WACHACHE

Ili tuelewe kipande kile kimetoka wapi, lazima turudi nyuma karne kadhaa. Vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya pamoja. Maskini asiye na shamba aliweza kulisha ng'ombe wake mmoja hapo, kuokota kuni na kukata majani. Haikuwa mali yake, lakini alikuwa na haki ya kuitumia, na haki hiyo ndiyo iliyomzuia asife njaa.

Kisha wenye nguvu wakaanza kuizungushia uzio. Baina ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la nchi hiyo lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za namna hiyo, zikagusa takriban ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England nzima. Aliyekuwa na hati alipata. Aliyekuwa na mazoea tu alikosa. Wengi wakawa vibarua katika mashamba ya wengine, na wengine wakaenda mijini kutafuta kazi za viwandani.

Wapo waliopinga. Mwezi wa Aprili mwaka 1649 kikundi cha watu maskini, akiwemo Gerrard Winstanley, kilikwenda kwenye kilima cha St George's Hill huko Surrey, kikaanza kulima ardhi iliyokuwa wazi na kupanda karoti na maharage. Walisema ardhi iliumbwa iwe hazina ya watu wote. Waliharibiwa mazao na kupigwa, wakahamia sehemu ya jirani, na kufika mwaka 1650 walikuwa wamefukuzwa kabisa. Kwa hiyo hofu ya kijana wetu si ya kitoto. Katika nchi hiyo hiyo, watu walilima wakanyang'anywa.

2. KIPANDE KIDOGO KWA ASIYE NA KITU

Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa England walifanya ghasia kubwa, wakavunja mashine za kupura nafaka kwa sababu ziliwaondolea kazi ya msimu wa baridi. Baada ya hapo baadhi ya wenye mashamba na viongozi wa makanisa walizidi kuwagawia maskini vipande vidogo vya kukodi. Wengine walifanya hivyo kwa huruma, na wengine kwa kuogopa ghasia nyingine.

Sheria ya mwaka 1845 ilitaka kwamba kila ardhi ya pamoja inapozungushiwa uzio, sehemu fulani itengwe kwa ajili ya bustani za wasio na ardhi. Ilikuwa ahadi nzuri kwenye karatasi. Lakini katika takriban ekari 615,000 zilizozungushiwa baadaye, zilizotengwa kwa ajili ya maskini zilikuwa kama ekari 2,200 tu. Enyi wanafunzi wa hesabu, fanyeni mgawanyo huo wenyewe: haifiki hata ekari moja katika kila mia mbili.

Madai yakaendelea. Sheria ya mwaka 1887, kisha ile ya mwaka 1908, zikaziwajibisha serikali za mitaa kutoa bustani pale watu wanapozihitaji. Sheria ya 1908 ndiyo msingi hadi leo katika England na Wales: wakazi sita wakiandika pamoja kuomba, halmashauri inalazimika kulizingatia ombi lao. Mwaka 1922 sheria nyingine ikaeleza bustani hiyo ni nini hasa: ni ardhi ndogo inayolimwa na mpangaji mwenyewe, kwa sehemu kubwa au yote, ili apate mboga na matunda ya kula yeye na familia yake.

Tazameni, ndugu wasomaji. Familia imetajwa ndani ya sheria yenyewe. Kipimo cha kawaida cha bustani moja ni kama mita za mraba 250, na makusudio yake ni chungu cha nyumbani, si biashara.

3. VITA VILIPOFUNGA NJIA ZA CHAKULA

Katika Vita Kuu ya Kwanza nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli zilizoleta chakula Uingereza. Mwishoni mwa 1916 serikali ikazipa halmashauri uwezo wa kuchukua ardhi isiyotumika ili ilimwe. Kufika mwaka 1918 bustani hizi zilikuwa zimefika takriban milioni moja na nusu. Vita vilipokwisha, wenye ardhi wengi walitaka ardhi yao irudi, na watu waliokuwa wamezoea kula jasho lao wakalalamika. Ndipo sheria ya mwaka 1925 ikaweka kinga: ardhi ambayo halmashauri imeinunua au kuitenga kwa ajili ya bustani haiwezi kuuzwa wala kubadilishwa matumizi bila idhini ya waziri.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali iliwahimiza wananchi wachimbe na kupanda kila penye udongo. Mboga zilipandwa hata kwenye handaki kavu linalozunguka ngome ya Tower of London, na huko Bethnal Green, mashariki ya mji, watu walilima juu ya viwanja ambavyo nyumba zake zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu. Waliondoa kwanza matofali na vioo, kisha wakapanda. Bustani zikafika kiasi cha milioni moja na laki nne.

Baada ya chakula kupatikana tena madukani, wengi waliziacha. Uchunguzi ulioongozwa na Profesa Harry Thorpe, uliotolewa mwaka 1969, ulikuta bustani nyingi ziko tupu na zimeota magugu. Lakini wageni wakaingia pale wenyeji walipotoka. Watu wa Karibi, Bangladesh, India na Pakistan walichukua vipande hivyo na kupanda vya kwao. Watu wa Jamaika hupanda mboga wanayoiita callaloo, na mkiiona mtacheka, kwani ni jamaa wa lengalenga wetu tunaokula hapa Bujumbura karibu kila juma.

4. WALIMU WA LEIPZIG NA WATOTO WALIOCHOKA

Kipo kisa kingine kinachotuhusu sisi walimu. Huko Leipzig, Ujerumani, mwalimu mkuu mmoja, Ernst Innocenz Hauschild, aliunda chama cha wazazi na walimu, na mwaka 1865 wakafungua uwanja wa watoto wa mjini kuchezea. Waliuita kwa jina la daktari Moritz Schreber, aliyefariki mwaka 1861. Mwalimu mwingine, Karl Gesell, akaona ni vizuri pembeni ya uwanja pawe na vitalu ili watoto wajifunze kulima.

Watoto walianza kwa furaha. Baada ya muda mfupi wakachoka, na magugu yakachukua nafasi. Wazazi wakaingia kupalilia, kisha wakazoea, wakaweka uzio na vibanda, na vitalu vya watoto vikageuka kuwa bustani za familia. Hadi leo Wajerumani huziita bustani hizo kwa jina la daktari yule, ambaye hakupanda hata mche mmoja humo.

Funzo ni wazi. Mtoto hawezi kuachiwa ardhi peke yake. Hulima pale anapomwona baba na mama wanalima.

5. TUNASEMAJE KATIKA FIQHI?

Wanafunzi wetu wanajua mlango wa ihyaaul mawaat, yaani kuihuisha ardhi iliyokufa. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mwenye kuihuisha ardhi isiyo na mwenyewe, inakuwa yake. Imam Abu Hanifa alisharutisha idhini ya mtawala, na Imam Shafi'i hakusharutisha. Imepokewa pia kuwa Umar (r.a.) alimpa aliyeweka alama kwenye ardhi muda wa miaka mitatu, na akiwa hakuilima, haki yake inaondoka. Na Bilal bin Harith (r.a.), aliyekuwa amepewa ardhi ya Aqiq na Mtume mwenyewe, alitakiwa na Umar abaki na kile anachoweza kukilima, na kilichosalia wapewe wengine.

Je, ndugu yetu amemiliki kipande kile kwa kukata miiba? Hapana, na tulimwambia bila kumficha. Ardhi ile ina mwenyewe, nayo ni halmashauri. Mkataba wake ni ijara, na masharti ya ijara yanamfunga Muislamu popote alipo. Lakini angalieni jinsi sheria ile ilivyo karibu na hekima ya Umar. Halmashauri ikitaka kumtoa mpangaji kwa notisi ya kawaida, inampa miezi kumi na miwili au zaidi. Mpangaji akivunja masharti, kwa mfano akaacha magugu yatawale, notisi ya mwezi mmoja inaweza kutosha.

Kwa hiyo jibu la swali la kijana ni hili: ardhi si yenu, lakini jembe lenu ndilo linaloilinda haki yenu juu yake. Na mazao ni yenu. Na atakachokula ndege au mpita njia kutokana na mlichopanda, hicho mmeandikiwa sadaka.

6. MPAKA WAPI SASA?

Ndugu yetu alituandikia tena. Walifuata ushauri wa wazee wa bustani za jirani: hawakujaribu kusafisha chote kwa siku moja. Walikata miiba yote, wakafunika robo tatu kwa turubai jeusi ili magugu yakose mwanga, na robo iliyobaki wakaichimba kwa uma wa bustani, wakitoa kila mzizi mweupe unaotambaa, maana kipande kidogo kikibaki huota upya. Hapo wakapanda viazi, ambavyo majani yake hufunika udongo. Mama akapanda maharage kwenye vijiti. Kijana hakuuliza tena swali lake, ila aliandika jina la babu yake kwenye ubao mdogo akauchomeka mwanzo wa tuta. Baba yake anasema aliuona ubao ule, akageuka upande wa pili ili mtoto asimwone machozi.

Nasi hapa tuna la kukiri. Nyuma ya chuo chetu kipo kipande cha ardhi. Miaka mitano iliyopita tuliwagawia watoto matuta, kila darasa na lake. Tulipiga picha, tukafurahi, kisha sisi walimu tukarudi vivulini. Leo ni majani matupu. Tulikuwa tukiwalaumu watoto kwa uvivu, kumbe kosa ni lile lile la Leipzig, na lilikuwa letu.

Basi tumeazimia, inshaAllah, kabla mvua za Septemba hazijaanza, tukigawe upya. Safari hii kila tuta litapewa familia: baba, mama na watoto wao pamoja. Tutaanza na robo moja. Na atakayeshindwa misimu mitatu, tutampa mwingine bila ugomvi, kwa kanuni ya Umar (r.a.). Walimu nao watakuwa na tuta lao, na litakuwa la mbele kabisa, ili kila mtu aone kama limepaliliwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) abariki mikono ya wanaolima, awarudishie subira wote waliopoteza ardhi zao, na awape watoto wetu mahala pa kuchomeka ubao wenye majina ya babu zao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.