Wa Kwanza Kuzimwa

Kwa miaka mingi mji wa Butembo uliwaka kwa dizeli. Ni mji wa wafanyabiashara wanaojua njia ya Dubai na ya Guangzhou, na tangu 1989 una Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, lakini nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa, hazikuufikia. Mafuta yalipandishwa kutoka pwani ya Kenya, yakavuka Uganda, yakaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi, na kila kizuizi cha barabarani kiliongeza kitu juu ya bei. Mwenye kinu, kinyozi, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye duka la kuchapa karatasi, wote walipiga hesabu ya jenereta kabla ya hesabu ya mteja. Wakubwa wa biashara walitaka kujitegemea, wakaunda kampuni ya SENOKI kwa nia ya kuutumia mto Ivugha kuuangaza mji. Huku nyuma, aliyeketi mbele ya kompyuta aliizoea adabu moja: hifadhi ulichoandika sasa hivi, maana umeme hauagi.

Adabu hiyohiyo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani waliigeuza kuwa programu. Mwaka 1988 walieleza mfumo wao ulioitwa Condor. Waliona kwamba kompyuta za maofisini hukaa bure sehemu kubwa ya siku, mwenyewe yuko mkutanini au amelala kwake, ilhali jirani ana hesabu ya kuchukua wiki nzima. Condor iliitafuta mashine isiyo na kazi na kuipa hesabu hiyo. Mwenye mashine akirudi na kugusa kibodi, hesabu ilisimamishwa, hali yake ikahifadhiwa, na baadaye ikaendelea kwenye mashine nyingine kutoka pale ilipoachia. Mgeni alikaribishwa kwa sharti la kuondoka bila ubishi.

Biashara ilichelewa kulishika wazo hilo. Amazon ilipoanza kukodisha kompyuta kwa saa, mwaka 2006, ililazimika kuweka seva za kutosha kwa ajili ya siku ya msongamano mkubwa, na siku nyingine zote sehemu ya seva hizo ilikaa tu. Seva iliyokaa imekwisha kununuliwa na chumba chake kinapozwa. Desemba 2009 kampuni hiyo ikaanza kuuza nafasi hizo kwa mnada: mteja anataja bei yake, anapewa mashine pepe, na bei ya soko ikipanda juu ya alichotaja, ananyang'anywa. Punguzo liliweza kufika asilimia 90. Mnada wenyewe uliwachosha watu, na mwishoni mwa 2017 Amazon ikaachana nao, bei zikawa zinasogea polepole. Sharti la kunyang'anywa lilibaki, na tangu 2015 hutanguliwa na onyo la dakika mbili. Google ilifuata mwaka huohuo wa 2015 kwa mashine zisizoishi zaidi ya saa 24, onyo lake likiwa sekunde 30. Microsoft nayo ikaja na zake.

Dakika mbili zinatosha kwa aliyejiandaa, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa huliona punguzo kabla ya kuitazama kazi yao. Kugeuza maelfu ya video, kuchora filamu ya katuni picha kwa picha, kuchambua vinasaba, kufundisha modeli ya lugha: kazi hizi hukatika vipande, na kipande kilichopotea hurudiwa. Matokeo huandikwa kila mara kwenye hifadhi iliyo nje ya mashine, na maombi husambazwa kwenye aina kadhaa za mashine na vituo kadhaa, ili zote zisitwaliwe kwa mpigo. Leja ya benki au mfumo wa kutuma pesa kwa simu huachwa kwenye mashine za bei kamili. Anayeweka leja kwenye mashine za punguzo kwa sababu ni rahisi ataulipa urahisi huo siku nyingine.

Mfano ulio wazi kuliko wote wa biashara hii, kwa maoni yangu, uko katika wilaya ya Lubero, inayopakana na mji wa Butembo, na haukujengwa na kampuni yoyote ya kukodisha kompyuta.

Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na hakuna hifadhi ya taifa Afrika iliyo kongwe kuliko hiyo. Mkurugenzi wake tangu 2008 ni Emmanuel de Merode, Mbelgiji, ambaye Aprili 2014 alipigwa risasi barabarani akitoka Goma na akapona. Hoja yake ilikuwa kwamba misitu haitaacha kugeuzwa makaa, wala makundi yenye silaha hayatakosa vijana, mpaka watu wapate umeme na kazi. Mwaka 2013 mtambo mdogo wa kilowati 400 ulianza Mutwanga, wilaya ya Beni, kwa maji yanayoteremka kutoka Ruwenzori, na kiwanda cha sabuni kikafuata. Matebe, huko Rutshuru, ulikuja na megawati zaidi ya 13. Kisha ukajengwa Luviro, huko Lubero, wa megawati karibu 15.

Mtambo ukaisha kabla ya nyaya. Mpango ulikuwa kusambaza umeme hatua kwa hatua, utalii ukisaidia kulipa, lakini Mei 2018 askari wa hifadhi aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa, na hifadhi ikafungwa. Agosti ya mwaka huohuo Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na mji wa Beni, ikashuka hadi Butembo na Katwa, na kufikia Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Milango ilifunguliwa tena Februari 2019, ikafungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona. Na mto ulikuwa ukipita. Mitambo ya namna hii haina bwawa kubwa la kuweka akiba: maji yasiyozungusha tabo leo hayarudi kesho.

Mapema 2020 de Merode alikutana na Mfaransa Sébastien Gouspillou, wa kampuni ya Big Block Green Services, na Septemba mashine za kuchimba Bitcoin zikawashwa Luviro. Baadaye makontena yakafika 10, kila moja likiwa na mashine mamia: matatu ya hifadhi, saba ya Gouspillou, anayelipia umeme anaotumia.

Mashine ya Bitcoin hukisia namba mfululizo, na kila kisio ni jipya kabisa, halidai chochote kwa lililotangulia. Ukiizima ghafla na kuiwasha baada ya saa sita, hakuna kilichopotea isipokuwa saa zenyewe. Haihitaji hata onyo. Ndiyo maana inafaa kukaa mwisho wa foleni na kutumia kile ambacho vijiji na viwanda havijakichukua.

Wapo waliochukizwa na sarafu za kubahatisha kuchimbwa mahali ambapo jirani anawasha koroboi. Nawaelewa, ila koroboi ile ingewaka hata kama makontena yasingekuwepo, kwa sababu kilichokosekana ni nguzo na waya. Jambo la kuangalia ni nani anakatiwa kwanza. Butembo imeishi miaka na miaka ikiona watu ndio wanaokatiwa. Luviro, kwa mpangilio wake, wa kwanza ni kontena.

Mteja wa namna hii naye hana ahadi. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika dola 69,000 hivi, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Aprili 2024 zawadi ya wachimbaji ilikatwa nusu, kutoka Bitcoin 6.25 hadi 3.125, kama sheria ya mfumo inavyotaka kila baada ya miaka minne hivi. Umeme uleule, mashine ileile, sarafu nusu. Miezi miwili baadaye waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, kusini mwa Lubero, na mwisho wa mwaka wakasonga zaidi kaskazini. Hakuna fundi anayesimika nguzo kwenye barabara ya mapigano, kwa hiyo umeme uliokusudiwa miji ya huko unazidi kuwa wa ziada, na mnunuzi wake wa karibu ni yuleyule aliyekubali kuzimwa kwanza.