Kikapu cha Mama na Gunia la Chupa

Mama yangu alikuwa akienda soko la Bunda na kikapu cha ukili na chupa moja tupu. Kikapu kilibeba dagaa na mihogo. Chupa ilipimiwa mafuta ya pamba. Chumvi ilifungwa kwa kipande cha gazeti. Soda ilinywewa palepale dukani, chupa ikarudi kwenye kreti. Jalala letu lilikuwa la maganda na majivu, na mvua zilipoanza lilikuwa mbolea ya mchicha.

Kisha ukaja mfuko wa nailoni, tuliouita Rambo. Nakiri tuliupokea kwa furaha, kwani ulikuwa mwepesi na hauvuji. Baadaye tulichinja mbuzi aliyekonda bila sababu, tukamkuta na bonge la nailoni tumboni. Baba alilitazama, akanyamaza.

Serikali ilichukua hatua. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Machi 1, 2017, na mifuko ya kubebea bidhaa Juni 1, 2019. Zanzibar ilikuwa imeanza na mifuko mwaka 2006. Lakini marufuku ya 2019 haikugusa vifungashio vya bidhaa za viwandani, na ndivyo vinavyojaza jalala langu leo.

Nilidhani dawa ni kuchakata upya. Nikajaza gunia, nikamwita kijana wa mkokoteni anayenunua kwa kilo. Alichagua chupa za maji, akaniachia pakiti za biskuti. "Hizi hazina mnunuzi, mzee," akasema.

Alisema kweli. Pakiti nyingi za namna ile zina matabaka ya plastiki na alumini yaliyogandamizwa pamoja, na kuyatenganisha ni kazi ngumu yenye gharama. Hata chupa hupungua ubora kila inapoyeyushwa. Wanasayansi walikadiria mwaka 2017 kwamba, kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi 2015, ni asilimia 9 tu zilizochakatwa upya.

Zilizobaki hazipotei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta plastiki ndani ya asilimia 20 ya sangara na asilimia 20 ya sato walionunuliwa Mwanza. Ziwa lao ndilo letu.

Jioni ile nilizichoma zile pakiti. Moshi ukaingia chumbani alimolala mjukuu wangu, akakohoa hadi usiku wa manane. Tangu hapo naenda sokoni na kikapu na chupa tupu. Pakiti bado zinaingia nyumbani, ila chache. Mama hakuwa na neno la kuchakata. Alikuwa na kikapu, na jalala lake halikumkohoza mtu.