Waandishi wa Kilwa na Pwani ya Kusini

Anayetaja ushairi wa Kiswahili hutaja Lamu, Pate na Mombasa, kisha Unguja na Pemba. Akifika Rufiji wino humkaukia. Kilwa huachiwa wachimbaji wa magofu. Mji uliokuwa na msikiti wa makuba, kasri ya Husuni Kubwa na sarafu zake wenyewe umegeuzwa habari ya mawe, utadhani waliokaa humo walijua kujenga na hawakujua kusema.

Na tuanze na sarafu hizo. Zile za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili: huku jina la mfalme na la baba yake, huku tamko kwamba anamtegemea Mola mwenye neema. Pande mbili hizo zina kina kimoja. Mwenye kuigeuza sarafu kiganjani alikuwa anaukamilisha mshororo, apende asipende. Sarafu za Kilwa zimeokotwa hata visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Ni diwani chache zilizosafiri mbali kiasi hicho.

Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Huyo hakuwa mfalme wa upanga peke yake: tarikh ya mji inasema alikwenda kuhiji, na akakaa Aden miaka miwili akitafuta elimu.

Tarikh hiyo ndiyo kitabu kikuu cha Kilwa. Kwa Kiarabu inaitwa Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, na mtungaji wake hakuacha jina. Ameacha siku ya kuzaliwa tu, mwezi wa Shawwal mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499. Basi Wareno wa Francisco d'Almeida walipouteka na kuupora mji, Julai 1505, alikuwa mtoto wa miaka sita. Aliahidi milango kumi. Nakala iliyotufikia ina saba. Aliandika akijua utukufu anaousimulia umekwisha, na hiyo huenda ndiyo sababu ya kuhesabu wafalme kwa uangalifu wa mtu anayehesabu mali iliyookolewa motoni. Mreno João de Barros naye aliitumia tarikh ya wafalme wa Kilwa katika kitabu chake cha mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu tuliyo nayo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikafika London kwa mkono wa John Kirk, na S. Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895.

Ipo pia simulizi ya Kiswahili ya mji huohuo, iliyomo katika kitabu cha Carl Velten cha mwaka 1907 pamoja na habari za Lindi, Sudi na Mikindani. Zote mbili zinasimulia kisiwa kilivyonunuliwa kwa nguo. Lakini ya Kiswahili inamjua mwenyeji kwa jina, Mrimba, na inamkumbuka binti yake aliyeolewa na mgeni kutoka Shirazi. Msomaji atatambua mara moja tofauti ya wasimulizi: mmoja anaandika nasaba ya waliokuja, mwingine hakubali waliokuwapo wasahauliwe.

Kisha zipo barua. Mwaka 1711 Mfalme Fatima wa Kilwa na jamaa zake waliandika kwa hati za Kiarabu barua ambazo leo zimehifadhiwa Goa, India. Barua hizo za Kilwa huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yanayojulikana. Hazikuandikwa Lamu wala Pate.

Hati nyingine ya Kilwa haisomeki kwa fahari. Mwaka 1776 mfalme alimwahidi Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka kwa miaka 100, piastre 20 kwa kila kichwa na mbili za mfalme mwenyewe. Hao elfu hawakuandikiwa utenzi. Anayeusifu utamaduni wa Kilwa na aisome hati hiyo pia.

Karne ya 19 mji mkuu ukahamia Kivinje, bara. Hapo ndipo Wadachi walipomnyonga Hasan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na Mzee bin Ali bin Kidigo akatunga shairi juu yake, ambalo Velten alilichapisha. Miaka kumi baadaye vikaanza Vita vya Maji Maji katika milima ya Wamatumbi. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akavitungia utenzi. A. Lorenz aliuchapisha mwaka 1933, na W. H. Whiteley akautoa tena mwaka 1957. Ni kazi ya mtu wa mjini anayetazama moto wa bara, na thamani yake kubwa iko papo hapo: hana haja ya kumfanya mtu yeyote shujaa wa taifa, kwa kuwa taifa halijakuwapo. Kazi hiyo ilimngoja Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hiyo ya kusini, katika tamthilia ya Kinjeketile, mwaka 1969.

Wageni nao hawakuacha kulitaja jina la mji. Camões alilitia katika utenzi wake wa mwaka 1572, na Milton, mwaka 1667, akaiorodhesha Kilwa miongoni mwa miji anayoonyeshwa Adamu kutoka mlimani. Mwaka 2012 M. G. Vassanji alitoa riwaya, The Magic of Saida, ambamo Kilwa ina malenga mkubwa, Mzee Omari. Malenga huyo ni wa kubuni. Wasomaji wengi wa riwaya hiyo huko ng'ambo watalishika jina lake kabla ya kuyasikia majina ya Abdul Karim na Mzee bin Ali.